Waliohama nywila wakaingia kwenye kidole na uso, tupeane uzoefu

Kitindamimba: Wakuu, benki yangu imenitumia ujumbe: kuanzia mwezi ujao nywila inaondolewa kwenye programu yao, kuingia ni kwa kidole au uso tu. Nimesoma nikamkumbuka mama. Ana miaka 71, ujana wake wote umeishia kwenye jembe na kufua, na ncha za vidole vyake zimelainika kama sabuni iliyokaribia kwisha. Juzi nilikaa naye tukisajili kidole gumba kwenye simu yake. Inatetemeka, "jaribu tena". Anakifuta kwenye nguo, anabonyeza. "Jaribu tena". Mwisho akaniuliza kwa sauti ya chini, "Kwani mimi si mtu?" Swali lile bado liko kifuani. Mliokwisha kupita njia hii, semeni yaliyowakuta na mlifanyaje.

Zege: Pole kwa mama. Umenitonesha kidonda, ngoja niseme. Mimi ni fundi ujenzi. Ukishika saruji wiki nzima bila glavu, Jumamosi huna alama, una gamba. Programu ya benki niliifungua kwa kidole karibu miaka miwili, nywila yenyewe niliiandika siku ya kwanza tu na sikuigusa tena. Basi Jumamosi moja usiku mtoto akabanwa na kifua, tukakimbilia hospitali. Daktari kaandika dawa, dirishani wanataka malipo kwanza. Hela ipo, naijua ipo, mshahara uliingia jana yake. Natoa simu, kidole hakisomi. Nasugua kwenye suruali, napuliza, naweka tena. Mara ya tano programu ikafunga njia ya kidole, ikadai nywila. Nywila gani? Nikajaribu jina la mtoto, nikajaribu mwaka, ikafunga akaunti nzima na kuniambia nifike tawini siku ya kazi. Mke wangu amembeba mtoto, ananitazama tu, hasemi kitu. Nikaenda chooni kuloweka mkono kwenye maji ya moto kama vile ngozi itaota dakika ile. Aliyetuokoa ni muuguzi wa zamu, alidhamini dawa kwa jina lake, nikamlipa Jumatatu. Mtoto alipona. Lakini mpaka leo nikiona duara lile la kidole kwenye skrini mkono unaloa jasho.

Zamu ya Usiku: Naunga mkono, na sisi wauguzi tumo. Kunawa kila baada ya mgonjwa, spiriti, glavu. Changu husoma siku za mapumziko tu.

Ngome: Ndiyo maana nasema turudishiwe nywila. Nywila ikivuja unabadilisha, vidole unavyo kumi tu. Mwaka 2015 huko Marekani ilibainika wadukuzi wamechota alama za vidole za watu milioni 5.6 kutoka ofisi ya serikali inayosimamia watumishi. Wale watabadilisha nini, mikono?

Waya Mwekundu: Mkuu, unachanganya vitu viwili. Zile alama zilirundikwa kwenye kompyuta za ofisi. Kwa simu, alama inabaki ndani ya simu yako, na inahifadhiwa kama hesabu, wala si picha. Chukua hizi paskii, funguo za kuingia bila nywila, ambazo Apple, Google na Microsoft walitangaza pamoja mwaka 2022 kwamba watazisambaza. Simu inatengeneza funguo mbili: mmoja unabaki kwako, wa pili unakwenda kwa benki, na huo wa pili peke yake hauwezi kuingia popote. Kidole kazi yake ni kuuamsha ule wa kwako. Tovuti ya uongo haipati kitu, maana ufunguo hauitiki kwenye anwani nyingine. Nimewasaidia watu wengi waliotapeliwa, na karibu wote waliiandika nywila kwa mkono wao wenyewe kwenye ukurasa feki.

Ngome: Na kuigiza alama je? iPhone yenye kidole ilitoka Septemba 2013, siku chache tu wadukuzi wa Kijerumani wa Chaos Computer Club wakaifungua kwa alama iliyopigwa picha kwenye kioo.

Waya Mwekundu: Walihitaji simu yenyewe mkononi, alama safi, na muda wa kutulia. Tapeli wa nywila anakumaliza akiwa bara jingine.

Ngome: Wizi ninaoujua mimi hautoki bara jingine. Unatoka chumba cha pili.

Alfajiri: Umesema chumba cha pili. Mimi ulitoka kitanda hicho hicho.

Zege: Dada, malizia.

Alfajiri: Nina mikono inayopasuka, kila usiku napaka mafuta mazito kabla ya kulala. Asubuhi moja naokota simu, naona nyuma, pale pa kugusa kidole, pana doa la mafuta. Duara dogo, limekaa sawasawa, na kandokando pamefutwa. Nikashangaa, maana usiku ule sikuigusa simu tena baada ya kupaka. Ujumbe wa benki hakuna. Nikafungua taarifa ya akaunti: muamala saa tisa na robo usiku, akiba ya ada ya chuo imekwenda kwenye namba nisiyoijua. Mwenzangu yuko jikoni anachemsha chai, anaimba. Nilikaa kitandani na simu ile nikiutazama mkono wangu wa kulia kama si wangu. Nilipomuuliza alikana siku tatu, ya nne akakiri. Benki waliniambia muamala ni halali kwa sababu kidole ni changu.

Zamu ya Usiku: Mungu wangu. Pole sana mdogo wangu.

Kitindamimba: Pole dada. Mpo pamoja bado?

Ngome: Mwacheni, hilo halituhusu.

Alfajiri: Hatupo. Ada niliilipa kwa mkopo, nimemaliza mwezi uliopita.

Kurwa: Tumia uso, kidole kizime. Simu nyingi zinazosoma uso vizuri zinataka macho yawe wazi na yanaitazama skrini. Aliyelala hafungui.

Zege: Si zote. Ile Pixel 4 ya mwaka 2019 ilipotoka ilifunguka hata mtu akiwa amefumba macho.

Doto: Na mwenye pacha je? Apple wenyewe wanasema uwezekano wa mtu baki kuifungua kwa uso wake ni chini ya 1 kwa 1,000,000, ila kwa mapacha na ndugu wanaofanana unapanda. Kurwa huyo hapo juu ni ndugu yangu, simu yangu anaifungua kila siku.

Kurwa: Mara mbili tu. Na nilikuwa natafuta namba ya baba.

Waya Mwekundu: Dada Alfajiri amenifanya nifikirie upya. Kufungua simu kwa kidole sawa, lakini kutuma hela weka PIN isiyofanana na ya simu. Kabla ya kulala zima simu kabisa: ikiwaka upya haikubali kidole mpaka uandike PIN.

Zamu ya Usiku: Mimi sizimi, napigiwa usiku. Nasajili kidole kimoja mara mbili, kikiwa kikavu na baada ya kunawa. Imesaidia.

Zege: Andika nywila kwenye karatasi, mpe mke.

Ngome: Baada ya kusikia ya Alfajiri, bado unamwambia mtu ampe mwenzi wake?

Zege: Wangu nampa. Ndiye aliyesimama pale dirishani nami.

Kitindamimba: Nimerudi. Nimeipigia benki, wanasema kwa wasiosomeka watabakiza PIN, ila lazima uombe mwenyewe. Nimemwombea. Halafu jioni hii tumejaribu kidole kimoja kimoja kama alivyosema Zamu ya Usiku, kikavu kwanza, kisha kilichooshwa. Cha pete cha mkono wa kushoto kimekubali. Amekibonyeza mara sita mfululizo, simu inafunguka, anaifunga, anaifungua tena.