Tupeane uzoefu: gari la zamani linalotetemeka na kula mafuta kupita kiasi

Mwanzisha mada: Ndugu wanajamvi, naomba kila aliyewahi kuhangaika na gari la zamani lenye injini inayotetemeka na kula mafuta kuliko kawaida aeleze jinsi chanzo kilivyogundulika, si kifaa kilichobadilishwa tu, kwa kuwa ushauri wa "badilisha plagi kwanza" tumeshausikia wote. Langu hutetemeka likiwa limesimama, nikikanyaga mafuta linatulia. Taa ya injini inawaka na mashine ya kusoma kompyuta ya gari inatoa msimbo P0171.

Mchangiaji wa kwanza: Mkuu, msimbo huo unasema hewa imezidi kiasi kinachotakiwa kwa petroli iliyopo, hausemi kwamba sensa ya oksijeni imekufa, ingawa wengi hukimbilia kuibadilisha. Unganisha mashine, soma asilimia ya petroli ambayo kompyuta inaongeza injini ikiwa inaunguruma taratibu, kisha isome tena kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika. Ikiwa ni kubwa mwanzoni na inashuka karibu na sifuri baadaye, kuna mahali hewa inapenya bila kupita kwenye sensa ya kupima hewa. Ikiwa inazidi kupanda kadiri injini inavyopewa mzigo, shuku pampu iliyochoka au chujio lililoziba. Kwangu ilikuwa hali ya kwanza. Fundi alipuliza moshi kwenye njia ya hewa, ukachomoza chini ya mpira ulio nyuma ya manifoldi (bomba linalogawa hewa kwenye silinda), kwenye ufa ambao kwa macho haukuonekana mpaka mpira upindwe. Wapo wanaotafuta uvujaji kwa kunyunyizia petroli kwenye injini yenye moto; hao waombeeni.

Mchangiaji wa pili: Langu lilikuwa kinyume chake: P0172, yaani petroli imezidi, plagi nyeusi zenye masizi makavu, na harufu ya petroli kwenye bomba la moshi. Asubuhi, kabla ya kuwasha, tulilinganisha joto la maji ya injini lililosomwa na mashine na joto la hewa ya nje, ambavyo kwa gari lililolala usiku kucha hupaswa kukaribiana, tukakuta sensa inadai kuna baridi kali. Kompyuta ikiamini injini bado ni baridi huendelea kumwaga petroli nyingi hata baada ya safari ndefu. Thamostati, yaani vali inayozuia maji ya kupoza hadi injini ipate moto, ikikwama wazi huleta hasara inayofanana na hiyo, ila hapo joto huwa limeshuka kweli.

Mchangiaji wa tatu: Msisahau regyuleta ya presha ya petroli kwenye magari yenye kampira kanachotoka kwake kwenda kwenye manifoldi. Chomoa kampira hako. Likidondoka tone la petroli, utando wa ndani umechanika.

Mchangiaji wa nne: Mimi nilipata P0302, yaani silinda ya pili haichomi vizuri. Kwa kuwa kila silinda ilikuwa na koili yake (kifaa kinachoipa plagi umeme wa cheche), nilihamishia koili hiyo kwenye silinda ya nne. Msimbo ungegeuka P0304, koili ingekuwa na hatia. Haukugeuka, plagi na injekta zilikuwa nzima, na kipimo cha mgandamizo kikaonyesha silinda hiyo iko chini mno kuliko wenzake: vali ilikuwa haifungi sawasawa. Silinda isiyochoma hutoa oksijeni ambayo haijatumika, sensa ikaitafsiri kuwa petroli imepungua, kompyuta ikaongeza, na ndiyo maana tangi huisha haraka. Taa ikimweka badala ya kuwaka tuli, usiendelee kuendesha, kwani petroli isiyoungua huenda kuunguza katalisti, kisafisha moshi kilicho kwenye bomba la moshi.

Mwanzisha mada: Nashukuru. Nimepima: 22% gari likiwa limesimama, 4% kwenye mizunguko 2,500. Mipira yote nimeipinda na kuikagua kwa tochi, mizima. Je, yawezekana ni gasketi ya manifoldi?

Mchangiaji wa kwanza: Yawezekana kabisa. Kabla ya kufungua chochote, kagua boliti za manifoldi kama zimelegea, kisha pitisha moshi.