Swift RS kama gari la pekee la nyumbani: mnaolimiliki, ni sura tu au lina kitu?

Mama Neema

Habari za saa hizi wakuu.

Naomba ushauri wa watu waliokaa na gari la aina hii, siyo waliolipanda siku moja. Gari langu la sasa limenitumikia vizuri lakini limechoka, na ninalolitamani ni Suzuki Swift RS, lile umbo lililotoka mwaka 2010, injini ya 1.2, gia za mkono. Nililikuta limeegeshwa nikalizunguka mara tatu. Bampa la mbele lina mdomo uliokaa chini, ubavuni lina sketi, spoila juu ya mlango wa buti, rimu za inchi 16 zimejaa kwenye matao. Nilipokaa ndani nikashika gia, sikutaka kutoka.

Matumizi yangu: kazini kila siku peke yangu, watoto wawili shuleni (miaka 5 na 8), na mara moja kwa mwezi safari ndefu. Barabara ni lami, lakini kilomita mbili za mwisho kufika nyumbani ni vumbi na mashimo.

Kaka yangu anasema nitanunua sura, kwamba chini ya hilo bampa ni Swift ile ile ya kawaida. Ni kweli? Na litavumilia mashimo?

---

Gia ya Pili

Dada, nina RS ya gia za mkono, huu ni mwaka wa sita. Nililichukua likiwa na kilomita 61,000, leo asubuhi limesoma 148,000. Nitakujibu kwa kirefu kwa sababu kuna mambo nilitamani mtu aniambie kabla.

Kuhusu sura, kaka yako yuko sahihi upande wa injini. Injini ya K12B iliyomo kwenye RS ndiyo iliyomo kwenye Swift ya kawaida: silinda 4, cc 1242, nguvu za farasi 91. Yenye injini tofauti ni Swift Sport ya kizazi hicho hicho, ZC32S, ambayo ni 1.6 yenye farasi 136 na gia sita. Kama unatafuta gari la kukubana kwenye kiti ukikanyaga mafuta, RS halitakupa hilo na usilitegemee.

Lakini asiseme ni bampa tu. Shokapu za RS zilipangwa kufuata Swift zilizouzwa Ulaya, ni ngumu kidogo, na gari zima lina uzito wa kama tani moja. Hivyo viwili ndivyo vinavyonifanya nilipende. Kila asubuhi naingia kipilefti kimoja kwa gia ya pili, mwendo wa 35 hivi. Gari langu la zamani ulikuwa ukikata usukani, bodi inalala kwanza, halafu pua ndiyo inaamua kufuata. Hili pua linakwenda pale pale mkono ulipoanza kusogea. Unalisikia kwenye viganja tairi la nje likipokea uzito, na ukinyoosha usukani linarudi bila kuyumba mara ya pili. Na kwa kuwa injini ni ndogo, unaitumia yote. Gia ya pili unaivuta hadi mizunguko 5,500 kwa dakika, inaimba, na hujafika hata 80. Mwenye injini kubwa akitaka raha hiyo lazima avunje sheria.

Sasa tairi. Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo gari lenye sura hii linapokudai.

Saizi ni 185/55R16. Maana yake tairi lina upana wa milimita 185, na ubavu wake ni asilimia 55 ya upana huo, yaani milimita 102 kutoka ukingo wa rimu hadi chini. Swift za kawaida zenye rimu ya inchi 15 huvaa 175/65, ubavu milimita 114. Hizo milimita 12 ni kama upana wa kidole kimoja tu, lakini ndizo zinazomeza shimo kabla rimu haijaligusa.

Nilijifunza usiku wa mvua. Shimo lilikuwa limejaa maji, nililiona dimbwi tu, nikaingia kwa 50. Ikapiga moja, kavu, kama nyundo. Nikasimama, nikamulika na simu: upepo upo, rimu nzima, nikaendelea. Kesho yake naosha gari, nikapitisha mkono ubavuni mwa tairi la mbele kushoto, vidole vikakutana na uvimbe wa ukubwa wa gololi. Laini, ukiubonyeza unarudi. Nyuzi za ndani ya ubavu zilikuwa zimekatika pale tairi lilipobanwa kati ya rimu na ukingo wa shimo, na kilichobaki kuzuia upepo kilikuwa mpira mtupu. Uvimbe wa hivyo hauzibwi kwa kiraka, tairi ndiyo basi.

Fundi niliyempelekea akaniambia hamna neno, hamishia nyuma, utatembelea miezi. Nikamwamini. Siku ya nne lilipasuka, mke wangu yuko mbele, mtoto nyuma. Mkia ukataka kutupita. Tulikuwa mwendo mdogo na pembeni yetu hapakuwa na mtu, ndiyo maana leo naandika. Ile sauti mtoto aliizungumzia wiki nzima. Sijawahi tena kukubali tairi lenye uvimbe liwe popote kwenye gari langu, mbele wala nyuma, na ninakuomba wewe mwenye watoto wawili usikubali.

Tangu hapo nafanya mambo machache na sijapoteza tairi jingine kwa shimo. Upepo napima kila baada ya wiki mbili, asubuhi, tairi likiwa baridi, kwa kufuata kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Namba iliyoandikwa kwenye tairi lenyewe ni kikomo chake, usijaze kwa hiyo. Tairi lenye ubavu mfupi likipungua upepo, shimo dogo tu linalikata. Na shimo ukiliona umechelewa, kanyaga breki kabla yake, halafu iachie tairi likiwa linaingia. Ukiingia umekanyaga, pua imeshainama, springi za mbele zimeshabanwa, hazina nafasi tena ya kupokea pigo.

Mdomo wa bampa: wangu umekwaruzika chini wote, hauonekani mpaka upige magoti. Matuta yaliyochongoka na njia za kuingilia getini zenye mwinuko mkali naziingia kwa upande, tairi moja likitangulia. Ila kilichowahi kuniumiza ni kuegesha. Unaingia mbele, mdomo unapanda juu ya ukingo wa njia ya miguu bila hata sauti. Ukirudi nyuma unanasa, bampa linang'oka kwenye klipu. Simama nusu hatua kabla.

Kilomita zako mbili za vumbi litapita, mradi ukubali kwenda polepole. Gari halilalamiki, wanaolalamika ni abiria wa nyuma, kwa sababu shokapu zile zinakuletea kila kokoto.

---

Chini Zaidi

Mimi ningesema ukilipata, shusha springi. Sentimita tatu tu linakaa kama la mashindano, na kwenye kona linatulia zaidi. Nimefanya kwa hatchback yangu na watu wanaligeukia.

---

Mzee wa Shokapu

Mdogo wangu, nakuheshimu, lakini usimpe ushauri huo mama mwenye kilomita mbili za mashimo.

Shokapu ina safari yake, sehemu ya kwenda chini na sehemu ya kurudi. Ukiweka springi fupi juu ya shokapu ya kiwandani umeila ile safari ya kwenda chini. Gari linakaa karibu na raba ya kuzuia, na kila shimo linagonga raba. Wakati huo springi haifanyi kazi tena, pigo linakwenda moja kwa moja kwenye bodi, tairi linaruka, na tairi lililoruka halishiki kona wala breki. Nimefungua shokapu nyingi za magari yaliyoshushwa hivyo, zimevuja oili kabla ya wakati. Anayetaka kushusha vizuri abadilishe springi na shokapu pamoja, zilizotengenezwa kwa ajili ya kimo hicho, halafu afanye alaimenti (kunyoosha matairi) siku hiyo hiyo, la sivyo tairi zitalika upande wa ndani na hatajua mpaka waya zitokeze.

Dada, la injini ndogo lisikusumbue. Golf GTI ya kwanza, iliyoingia sokoni mwaka 1976, ilikuwa na injini ya 1.6 yenye farasi 110, na watu wanaizungumzia mpaka leo kwa sababu ilikuwa na uzito wa kilo 810 hivi. Mini Cooper S zilizoshinda mbio za Monte Carlo miaka ya 1964, 1965 na 1967 zilikuwa gari dogo kuliko lako. Wepesi ndio uliozibeba. Kwa hiyo usilibebeshe: spika kubwa za buti, rimu nzito za inchi 17 kwa ajili ya picha, vyote hivyo vinakutoa kwenye kile unachokinunua. Rimu nzito ni mbaya zaidi, maana uzito huo uko chini ya springi, na shokapu ndiyo inahangaika kuutuliza.

Na jambo moja ambalo sura hizi huwafanya watu walisahau. Kutoka 60 hadi 80 unaona umeongeza kidogo, lakini nishati ambayo breki inapaswa kuimeza inaongezeka karibu asilimia 78. Anza na breki pedi nzuri na oili mpya ya breki kabla ya kitu kingine chochote.

---

Mama Neema

Asanteni sana. Gia ya Pili, hilo la tairi nimelisoma mara mbili, na pole kwa mke wako na mtoto.

Maswali mawili. Watoto wataona nje huko nyuma? Wa miaka 5 hutapika akikaa mahali asipoona nje. Na nikitaka kuvaa rimu za inchi 15 kwa sababu ya vumbi, nitaharibu kitu?

---

Gia ya Pili

Kuona nje: dirisha la mlango wa nyuma linapanda kuelekea mkia na nguzo ya nyuma ni nene. Mtoto mdogo akikaa moja kwa moja kwenye kiti ataona mbingu na ukingo wa mlango. Kwenye kiti chake cha mtoto kilichoinuka anaona vizuri, wangu alikaa hivyo na hakutapika. Nguzo hiyo hiyo itakuficha pikipiki ukihama njia, kwa hiyo kioo cha pembeni hakitoshi, geuza shingo kila mara. Buti ni fupi. Mabegi mawili ya shule na mzigo wa wiki vinaenea, kwa safari ndefu utalaza upande mmoja wa kiti.

Inchi 15: 175/65R15 ina kipenyo cha milimita 608 na nusu, 185/55R16 ina 610. Tofauti haifiki milimita mbili, spidi mita haitadanganya na kimo cha gari hakitabadilika. Hakikisha tu matundu ya rimu yanaoana na kwamba rimu inapita juu ya breki bila kugusa. Utapoteza kidogo ile haraka ya pua kwenye kona. Mimi nilijaribu miezi miwili nikarudisha 16, lakini mimi sina kilomita zako mbili. Ningekuwa wewe ningevaa 15.

---

Mama Neema

Narudi na habari. Jana nimelijaribu nusu saa, na kipilefti nilikizunguka mara mbili bila sababu yoyote ya safari. Kaka alikuwa pembeni. Mara ya pili hakusema kitu, akauliza tu kama anaweza kushika usukani kurudi.

Kabla ya hapo nilipitisha mkono kwenye tairi zote nne, ndani na nje, kama ulivyosema. Uvimbe hakuna. Ila moja la nyuma lina nyufa ndogo ndogo ubavuni, na tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT ni 2314. Mwenye gari anasema tairi ni mpya kwa kuwa kashata (meno ya tairi) bado ni ndefu.

---

Mzee wa Shokapu

Hiyo ni wiki ya 23 ya mwaka 2014, dada. Kashata inaweza kuwa ndefu kwa sababu gari lilisimama sana, lakini mpira umezeeka. Usihesabu hilo kama tairi. Aweke mapya mawili au apunguze bei ya mawili, maana ekseli moja inataka tairi zinazofanana.

---

Gia ya Pili

Na kabla hujalipia, inua zulia la buti. Angalia kama kuna tairi la akiba au kuna chupa ya gundi na pampu tu. Gundi inaziba tundu la msumari kwenye kashata, ubavu uliokatika haiuzibi. Kama ni chupa, tafuta tairi la akiba, jeki na spana kabla ya ile safari yako ya kila mwezi.