Resini ileile, Ec mbili: kosa liko wapi?

Pweza_TA: Wakuu, salaam kutoka Chumageni, Tanga. Napima resini ya kijivu (plastiki ya majimaji inayoganda kwa mwanga) kwa printa ya 3D ya skrini, mwanga wa urefu wa wimbi nm 405, nguvu yake 2.5 mW/cm². Namwaga resini juu ya slaidi ya kioo, naangaza sekunde 4, 8, 16 na 32. Asubuhi unene umetoka mikroni 105, 210, 310, 415. Mchana: 60, 170, 275, 380. Dp (kina ambacho mwanga unapenya) imebaki karibu mikroni 150, lakini Ec (nishati ya chini kabisa ya kuanza kugandisha resini) imeruka kutoka 5 hadi 6.7 mJ/cm². Nishike ipi?

Mizani: Usishike yoyote kwanza. Kila ukizidisha sekunde mara mbili, unene unapanda karibu 105. Ndivyo mlinganyo wa Jacobs, unaotoa unene kuwa Dp mara logi asilia ya nishati gawanya kwa Ec, unavyotaka: Dp mara 0.693, yaani logi asilia ya 2. Rangi ya resini ingekuwa imetuama chini, Dp ingeyumba, kwa hiyo resini iache. Mchana kila kipande kimepungua mikroni 35 hadi 45, kikubwa kwa kidogo. Ama mwanga umeshuka robo, ama kuna utando wa juu ya kipande unapotea kabla ya kupimwa. LED ya printa ikipata joto hufifia, na mchana wa kaskazi chini ya bati si mchezo. Mwanga ulipima lini?

Pweza_TA: Asubuhi tu, mkuu, skrini ikiwa tupu. Vipande vya mchana vililala kwenye spiriti dakika kumi, nikapima kwa vernia.

Karafuu: Dakika kumi ni nyingi mno! Upande wa juu, ulio mbali na mwanga, ni laini kama utando wa maziwa. Spiriti inaula, taya za vernia zinaubonyeza. Suuza sekunde 10 hadi 15, gusisha karatasi bila kusugua. Pima kwa mikromita, taratibu, kipande kikiwa bado kwenye slaidi, kisha toa unene wa slaidi hiyohiyo uliyoipima kabla. Taa ya UV baadaye. Ukiitanguliza, mabaki yanaganda na unene unaongezeka.

Mizani: Na mwanga pima kabla ya kila duru, printa ikiwa imewaka dakika 10, sensa ikiwa juu ya slaidi, kioo hurudisha karibu asilimia 8. Kipimo kiwe cha 405, cha 365 kitakudanganya. Halafu rudia sekunde 8 peke yake, vipande vitatu, mchana uleule. Ukisoma karibu 1.9 badala ya 2.5, weka namba hiyo kwenye hesabu, Ec itarudi 5. Ikibaki 2.5, basi ni spiriti na vernia.