Biashara wakati wa korona: nafuu ya serikali ilikufikia kweli? Tupeane uzoefu

Waya_na_Swichi (mwanzisha uzi):
Wadau hamjambo. Majuzi kumetokea ubishi kazini, mmoja anasema 2020 serikali ilisaidia sana biashara ndogo, mwingine anaapa hakuona hata shilingi, nikaona bora tuulizane sisi wenyewe tuliokuwa na maduka. Mambo ya nani alikula pesa za barakoa hayo tuyaache kwanza. Sema ulikuwa unauza nini, amri gani ilikubana na nafuu gani ilikufika mkononi.

Naanza mimi, duka la vifaa vya umeme Nakuru, Kenya. Rais alitangaza tarehe 25 Machi kwamba VAT (kodi ya ongezeko la thamani) inashuka kutoka 16% hadi 14%, kuanza Aprili mosi. Yaani wiki moja tu. Mtu akisikia hivyo anadhani ni kubandika bei mpya basi, kumbe mashine ya ETR (ile ya kutoa risiti za kodi) imesetiwa 16, fundi anatafutwa na kila mwenye duka mji mzima, stoki iliyo kwenye shelfu nimeinunua kwa bei ya zamani, na mteja ashasikia kwenye taarifa ya habari kwamba bei zimeshuka kwa hiyo anaingia na ubishi tayari. Waya wa 1,160 unakuwa 1,140. Hiyo ishirini bob ndiyo tuligombania miezi tisa, Januari 2021 ikarudi 16 na fundi akaitwa tena. Fundi ndiye alipata msaada 😂

BintiMjiwaKale:
Afadhali yako ulikuwa wazi. Mie nina mkahawa mdogo Mji wa Kale, Mombasa. Mwisho wa Aprili wakasema mikahawa ifunguliwe kwa masharti, wafanyakazi wapimwe, bunduki ya kupima joto la mwili mlangoni, mita moja na nusu baina ya wateja, haya yote tukakubali. Lakini saa kumi jioni mfunge! Na ni Ramadhani, iliingia wiki ileile. Wallahi niambieni, Mji wa Kale mwezi wa Ramadhani nani anakula mkahawani kabla ya saa kumi? Mteja wangu anatoka na adhana ya magharibi, na saa moja kafyu. Nikawa nakaanga sambusa na kaimati mchana ziuzwe za kubeba, watu wanabeba zikiwa moto wanafuturu zishapoa.

Hata hilo halikudumu, tarehe 6 Mei wakatufungia sisi na Eastleigh ya Nairobi, hakuna kutoka hakuna kuingia, masoko na mikahawa yote chini mpaka mwezi wa sita. Idi imetukuta ndani. Nafuu iliyonifikia ni moja tu, M-Pesa ya bure.

mteja_wa_elfu:
Hiyo ya M-Pesa msiidharau, kutuma mpaka 1,000 ilikuwa bure kuanzia Machi hadi mwisho wa 2020. Mimi muuza nyanya, mteja ana bili ya elfu tatu ananitumia elfu, elfu, elfu, simu inalia kama kengele ya shule. Kutoa pesa taslimu ndio ulikatwa kama kawaida lakini nani atoe, na mimi namtumia wa shambani vilevile.

Kinyozi_Mtaani:
Mimi walinipunguzia turnover tax (kodi ya mauzo) toka 3% mpaka 1%. Asante. Asilimia moja ya saluni iliyofungwa ni ngapi? Halafu wakasema inahusu anayeuza kuanzia milioni moja kwa mwaka, kwa hiyo sisi wa chini hata hiyo haikutuhusu tena.

Mwenye_Nissan:
Matatu ya abiria 14 tuliambiwa tubebe 8, mafuta ni yaleyale, mkopo wa gari ni uleule. Nikaenda benki (siitaji), Benki Kuu ilikuwa imewaruhusu kupanga upya mikopo na wateja hadi mwaka mmoja. Wakanipa miezi mitatu silipi, nikafurahi. Hakuna aliyenieleza kwamba riba inaendelea kupanda juu ya deni, mpaka nilipoona ratiba mpya. Ila kuna kitu kilinisaidia kikweli, yule ambaye mkopo ulianza kuyumba kuanzia Aprili mosi hakupelekwa CRB (wanaoweka orodha ya wasiolipa mikopo) mpaka Septemba 30. Hiyo ndiyo iliniacha na jina safi.

Dada_wa_Safari (Arusha):
Huku kwetu Tanzania hatukufungiwa jamani, maduka wazi, lakini wageni watakuja na nini kama ndege hazitui? Anga ilifunguliwa tena Mei 18. BoT, Benki Kuu yetu, ililegeza mambo mwezi huohuo, mabenki wapewe nafasi ya kupanga upya mikopo, na kiwango cha miamala ya simu kwa siku kikapanda toka milioni 3 hadi 5. Vizuri, ila mimi mwenye duka la vinyago hata laki kwa siku sikuiona, ya milioni tano naisoma tu. Mwenye jengo ndiye aliyenishushia kodi ya pango nusu, siyo serikali.

Chips_Kibandani:
Naulizia ule mpango wa serikali kudhamini mikopo kwa wafanyabiashara wadogo, zile bilioni 3 za Kenya zilizopitia mabenki kuanzia Desemba 2020. Mimi nilikwenda wakataka cheti cha KRA (mamlaka ya kodi) na hesabu zilizoandikwa vizuri, mimi hesabu zangu ziko kwenye daftari lililobaki la mtoto, ukurasa wa mwisho kuna tebo ya saba. Kuna yeyote humu aliyepata? Aseme alipewa na riba gani na walimshikia nini.