Kwenda Windows 11 bila kuipoteza Windows 10, inawezekana?

mzee_wa_steshenari: Wakuu habari, laptop ya dukani iko Windows 10, sapoti iliisha Oktoba 2025, nataka niapgredi kwenda 11 ila nina programu ya stoo ya kizamani na printa ya risiti, zikigoma narudije nilikotoka?

fundi_mdogo: Mkuu toa hofu, ile ya zamani inabaki kwenye C ndani ya folda la Windows.old, una siku 10, unaingia Settings, System, Recovery, unabonyeza Go back. Zikikutosha sawa, ila mi siku hiyohiyo hufungua CMD (lile dirisha jeusi la kuandika amri) kama admin naandika `dism /online /set-osuninstallwindow /value:60` zinakuwa 60.

dada_k: Usifanye kama mimi tu, niliona Windows.old imekula nafasi nikaifuta, kesho yake printa kimya, nikabaki natoa macho 😂

kopi_kwanza: Hiyo peke yake mi siiamini, diski ikifa na Windows.old imeenda nayo. Tengeneza flashi ya Clonezilla (programu ya kukopi diski), piga kopi diski nzima uweke kwenye eksteno (diski ya nje), ndo uapgredi

mzee_wa_steshenari: Eksteno ninayo, leo nikifunga duka naanza na Clonezilla. Asanteni sana, dada_k pole aisee

dada_k: Nishapoa 😂