Hoteli za zamani za mlimani na mizimu yake: tupeane uzoefu

Kijana wa Umoja

Hamjambo wenzangu. Mama yangu alitandika vitanda katika hoteli moja ya zamani upande wa Nyeri, kuanzia 1979 hadi goti lilipomkatalia ngazi. Sasa tunaishi naye hapa Umoja, Nairobi. Jumapili stima zilipotea, tukabaki na mshumaa, nikaanza kumsimulia habari za hoteli iitwayo Stanley. Akadhani ni ile yetu ya barabara ya Kimathi. Nikamwambia hapana, yetu ilianzishwa na Mayence Bent mwaka wa 1902 na jina lake ni la msafiri Henry Morton Stanley. Hii ninayosema iko Estes Park, Colorado, kule Marekani, zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Ni juu kuliko Nyeri mjini. Mwenyewe alikuwa Freelan Oscar Stanley, aliyetengeneza magari ya mvuke na pacha wake. Alifika mlimani 1903 akiwa na kifua kikuu, akapata nafuu, akafungua hoteli 1909, na akaishi hadi 1940.

Mwaka wa 1911 gesi ya taa ilivuja. Inasimuliwa kwamba mfanyakazi wa vyumba, anayetajwa kwa jina la Elizabeth Wilson, aliingia na mshumaa katika chumba ambacho leo ni namba 217. Mlipuko ukamwangusha hadi chini. Hakufa. Lakini siku hizi wageni husema yumo bado: ukilala 217 unaamka ukakuta nguo zako zimekunjwa na mizigo imepangwa.

Mama alinyamaza. Kisha akasema polepole, "Yaani amekufa na bado anakunja nguo za wageni? Hawakumwacha apumzike?"

Mimi nilikuwa nimeichukua kama hadithi ya kutisha. Yeye alisikia habari za mwenzake wa kazi. Tangu hapo sijatulia. Waliofanya kazi au kulala katika hoteli hizi za kwetu, Nyeri, Nanyuki, Naro Moru, hata Limuru, naomba mseme mliyoyaona. Yako au ya mzazi wako, si ya kusikia kwenye matatu.

Dereva wa Watalii

Nimepeleka wageni mlimani miaka kumi na tisa. Usiku wangu wa kwanza nililala vyumba vya madereva, nyuma ya jiko. Saa nane usiku nikasikia kilio. Kilianza kama bawaba kavu ya mlango, krrr, krrr, kikapanda, kikawa mwanamke anayekabwa koo. Niliketi kitandani hadi alfajiri nikiwa nimevaa viatu.

Siku ya pili mlinzi, mzee wa makamo ya baba yangu, alinishika mkono akanipeleka chini ya mti mkubwa akamulika tochi. Macho mawili mekundu, manyoya, mnyama mdogo wa kiasi cha sungura. Ni perere. Mwili mdogo vile na sauti ile! Karibu kila hoteli ya kule niliyolala ina hadithi ya bibi mzungu anayemlilia mumewe usiku, na kila mojawapo imezungukwa na miti ya perere.

Ila niseme na hili. Nilimuuliza yule mzee mbona wageni hawaambiwi. Akajibu, "Wakiuliza nawaambia. Hawaulizi."

Wanjiru, Kasarani

Sisi tulimpeleka cucu, yaani nyanya yetu, kwa harusi ya binamu yangu, tukalala hoteli ya mahali pa moto chumbani, kuni za mtarakwa zikinukia. Tukitoka kula, cucu akaingia kitandani na kupiga nduru iliyoleta watu wote koridoni. Alikuwa amekanyaga kitu cha moto, laini, kimelala chini ya blanketi kama mtoto mchanga.

Ilikuwa chupa ya mpira ya maji ya moto, imevishwa kifuko cha sufu. Huwekwa vitandani wageni wakiwa mezani, kwa sababu ya baridi. Mama aliyeiweka alikuja mbio, akaomba msamaha, akaketi ukingoni mwa kitanda akazungumza na cucu kwa Kikuyu hadi usingizi ukamchukua. Zamu yake ilikuwa imekwisha saa nzima. Kijana wa Umoja, nimemkumbuka huyo mama kwa sababu ya mama yako.

Mtumishi

Mizimu hakuna, kuna mapepo. Ombeni kabla ya kulala popote.

Skauti wa Zamani

Tulipiga kambi Nyeri nikiwa na miaka kumi na mitatu. Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, alijengewa nyumba ndogo, Paxtu, katika uwanja wa hoteli ya Outspan mwaka wa 1938, akafariki humo tarehe 8 Januari 1941. Baadaye Jim Corbett, mwindaji wa India, akaishi nyumba hiyohiyo. Tulikesha tukimngoja mzee atokee. Juu ya kaburi lake kuna duara lenye nukta katikati, alama ya skauti ya kusema nimeenda nyumbani. Kiongozi wetu alituambia, mtu aliyeacha alama ile arudi kutafuta nini? Tukalala.

Mjukuu wa Tetu

Hoteli ya Treetops ilifunguliwa 1932 juu ya mti wa mugumo. Huo kwetu ni mti wa sala na sadaka. Februari 1952 Elizabeth wa Uingereza alilala pale, babake mfalme akafariki usiku huo, akashuka akiwa malkia. Hiyo kila mtu anaijua. Mwaka wa 1954 Mau Mau wakaichoma, ikajengwa tena 1957, mwaka uleule kiongozi wao Kimathi aliponyongwa gereza la Kamiti.

Sasa fikirini. Msitu ule ulimeza vijana wangapi wakati wa Imajensi, bila kaburi wala alama? Na mzimu unaosimuliwa ni wa bibi mzungu! Nilimuuliza guka, babu yangu. Alisema ngoma, yaani roho za wafu wetu, hawatajwi ovyo mbele ya mgeni aliyelipia chumba. Unamwaga pombe kidogo chini, unawataja kwa jina, unakwenda zako. Nadhani ndiyo sababu hamjawasikia. Si kwamba hawapo.

Kijana wa Umoja

Nimemsomea mama yote. Kwa cucu wa Wanjiru alicheka hadi machozi. Amesema chupa zile alizijaza yeye, arubaini kila jioni, na alama ya maji ya moto bado iko kwenye kiganja.

Halafu akasimulia. Katika chumba cha kupigia pasi kulikuwa na aproni ya buluu kwenye msumari. Ilikuwa ya mwenzao aliyefariki akijifungua. Hakuna aliyeishusha. Kila aliyeingia zamu ya asubuhi aliigusa, akasema, "Tumeamka, dada." Wageni walidai kusikia wanawake wakinong'ona koridoni kabla ya mapambazuko. Ndio hao.

Akaja meneja mpya, akaamuru itupwe. Mama akaichukua. Miaka yote hii imekuwa chini ya sanduku lake, na mimi sikujua. Ameitoa jana usiku. Kifungo kimoja ni cheusi, vingine vyeupe. Ameifua kwa mkono, ameianika kwenye balkoni, na ananiuliza matatu ya kwanza ya Nyeri hutoka kituo cha Tea Room saa ngapi. Marehemu aliacha binti. Anamjua anakoishi.