Mzee kapata kiharusi, mkono wa kulia umegoma. Hii mashine ya roboti inasaidia kweli?

Mikorosho_Newala: Wakuu habari za mida hii. Mzee wangu presha ilipanda ghafla akiwa shamba, kiharusi, upande wa kulia wote ukalala. Mguu umerudi, anatembea na fimbo, ila mkono bado, bega linanyanyuka kidogo tu na vidole vimejikunja kiganjani hadi kumkata kucha ni vita. Sasa bro wetu wa Dar katuma video ya mtu kafungwa mkono kwenye roboti anacheza gemu kwenye skrini, anataka tuuze shamba tumpeleke India, bi mkubwa hataki hata kusikia. Nimebaki katikati, nishaurini.

Kijana wa Tandahimba: Uza mkuu, mzazi ni mmoja, mikorosho mtapanda mingine.

Mama Shangani: @Kijana wa Tandahimba mkorosho upande leo mwakani mle nini? Na huyo mzee akirudi toka India anarudi kukaa kwa nani?

Fizio_Kusini: Pole sana kwa mzee. Mimi ni fizio, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, hii ndo kazi yangu kwahiyo nivumilieni nikirefusha. Roboti inaushika mkono, mgonjwa akianza kusogeza na kukwama yenyewe inamalizia, akiweza inamwachia. Za mwanzo zilitengenezwa chuo cha MIT kule Marekani, ikaitwa MIT-Manus, na dawa yake ni kurudiarudia, mkono unaenda na kurudi mamia ya mara ubongo ujifunze upya. Sasa Uingereza walijaribu kwa wagonjwa 770, majibu yakatoka 2019, waliowekwa kwenye roboti dakika 45 mara tatu kwa wiki kwa wiki 12 mikono yao haikufanya kazi vizuri kuliko ya wale waliobaki na huduma ya kawaida. Marekani nao 2010, wanajeshi wastaafu 127, aliyefanyishwa mazoezi mengi vilevile na mtaalamu kwa mikono hakuachwa mbali na wa roboti. Sio kwamba mashine ni mbovu, ila shamba zima? Hapana aisee.

Mikorosho_Newala: Dah. Sasa nyumbani afanye nini, anaweza akawa anabangua korosho?

Fizio_Kusini: Usithubutu! Mafuta ya lile ganda yanaunguza, na mkono wa kiharusi saa nyingine hausikii, ataungua asijue. Mwekee karanga za maganda au vizibo vya soda ahamishe toka sahani hii kwenda ile, vidole vikigoma basi atandikiwe taulo mezani alisukume mbele na kurudi, mkono mzima ukiusaidia mbovu. Kidogokidogo lakini kila siku, mara nyingi. Kucha sasa: kikunje kwanza kifundo cha mkono kwa ndani, vidole vinalegea vyenyewe, usivikunjue kwa nguvu. Na asinyanyuliwe kwa kuvutwa mkono au kushikwa kwapa, bega linachomoka, nyie ndugu ndo mnaotuharibia mabega huku.

Lindi Mjini: Mimi mama yangu tulimchua na mafuta ya nyonyo tu na akapona, hizo roboti biashara za watu.

Fizio_Kusini: Kuchua taratibu sio vibaya, ila wengi wanapata nafuu miezi ile ya mwanzo hata bila nyonyo mkuu. Presha asiache dawa, hapo ndo kiharusi cha pili kinapoingilia.

Mikorosho_Newala: Shukrani sana. Bi mkubwa anauliza, kasikia ukiufunga ule mkono usioumwa, ule mbovu unalazimika kufanya kazi, tuufunge?

Fizio_Kusini: Bado. Hiyo ipo na inasaidia, ila inataka kifundo na vidole viwe vinafunguka vyenyewe japo kidogo, kwa mzee ulivyoeleza utamfunga atashindwa hata kula. Mpelekeni Mtwara, idara ya fizio hospitali ya Ligula au ile ya kanda kule Mitengo, apimwe kwanza, mbebe na dawa zake zote za presha.

Mikorosho_Newala: Poa mkuu. Bro nimemtumia huu uzi, kasoma, kimya.